Sherehe ya mtoto uani: Saa ndiyo kinga ya kwanza

Na Daktari Wetu, Mumias

Zamani wazee wetu hawakuhesabu tarehe ya kuzaliwa. Mtu aliambiwa alizaliwa mwaka wa njaa, mwaka wa nzige au wakati Nabongo Mumia alipokuwa angali hai. Siku hizi mambo yamebadilika. Mtoto wa miaka minne anaijua tarehe yake, na keki anaanza kuidai miezi mitatu kabla. Si jambo baya. Mtoto anayesherehekewa na jamaa zake hujua kwamba ana thamani, na hilo pekee ni afya.

Kwa kuwa nyumba nyingi za mjini haziwezi kubeba watoto 30, sherehe nyingi hufanywa nje: uani, chini ya mwembe, au chini ya hema la kukodi. Kadi ya mwaliko husema saa nane mchana. Saa nane ikifika, wanaopanga viti bado wanapanga. Saa tisa wageni wa karibu wameketi. Keki haikatwi kwa sababu mjomba anayetoka Nairobi amepiga simu kusema yuko Kapsabet. Saa kumi na moja mtu wa kipaza sauti anaanza kutambulisha jamaa, mmoja mmoja. Wakati huo kuku aliyekaangwa asubuhi yungali ndani ya karai, mawingu yametanda, na watoto wenye njaa wametawanyika kila upande wa boma bila mtu wa kuwatazama.

Ukizichunguza hatari za sherehe ya uani utaona kwamba nyingi zina chanzo kimoja, nacho ni kuchelewa. Chakula huharibika kwa kungoja. Mvua ya radi hutukuta nje kwa sababu tumengoja. Mbu hutuuma kwa sababu jioni imetukuta tungali nje. Hata ajali huja zaidi wakati watoto wamechoka na watu wazima wamezama katika mazungumzo.

Ushauri wangu wa wiki hii basi ni mfupi: sherehe ya mtoto ifanywe asubuhi. Ianze saa nne na iishe saa saba mchana. Hebu tuangalie sababu moja baada ya nyingine, pamoja na yale ambayo saa pekee haiwezi kuyazuia.

CHAKULA KINACHONGOJA

Wengi hudhani chakula hudhuru kwa sababu mpishi ni mchafu. Mara nyingine ni kweli, lakini hata mpishi safi kabisa hawezi kushindana na saa. Viini vya magonjwa huzaana vizuri katika chakula kilicho na joto la kati, yaani kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Chakula kinachovuma mvuke ni cha moto mno kwa viini hivyo. Chakula kilicho ndani ya friji ni baridi mno. Lakini chakula kilichofunikwa kwenye sufuria mezani, kikiwa vuguvugu, ni shamba lenye rutuba.

Fanya hesabu hii. Bakteria mmoja akipata joto na chakula cha kumfaa anaweza kugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20. Baada ya muda wa saa mbili huwa 64. Baada ya muda wa saa saba huwa zaidi ya milioni 2. Sasa fikiria kuku aliyeepuliwa saa tatu asubuhi na kuliwa saa kumi jioni. Hizo ni saa saba kamili.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa muda unaozidi saa mbili. Jua likiwa kali sana, fupisha muda huo uwe saa moja.

Hapa kuna kosa ambalo wapishi wengi hulifanya kwa nia njema: wanakipasha moto chakula kilicholala mezani wakiamini kwamba moto unaua kila kitu. Moto huua bakteria wengi, lakini baadhi yao huwa wamekwisha kuacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni. Bakteria wa namna hiyo, waitwao stafilokoka, hukaa puani na katika vidonda na majipu ya mikononi. Kwa hivyo mtu mwenye kidonda mkononi asipewe kazi ya kupakua nyama hata kama ni shangazi mkuu. Wengine hupatikana katika mchele. Mbegu zao hazifi wali unapochemka, na wali au pilau ikiachwa vuguvugu kwa muda mrefu huamka na kutoa sumu. Mtoto aliyekula chakula chenye sumu hizi huanza kutapika baada ya muda mfupi, aghalabu kati ya saa moja na saa sita.

Vyakula vya kuogopwa zaidi ni kuku, nyama, wali na pilau, mayai, maziwa, na saladi yenye mayonesi. Keki yenye sukari ya kupakwa tu huvumilia, lakini keki yenye krimu ya maziwa ni ya kuwekwa ndani ya friji mpaka dakika ya kukatwa. Maandazi, chapati, mkate, ndizi, machungwa na viazi vitamu vilivyochemshwa na kupoa vikiwa havijamenywa havina matata mengi. Kama huna friji, jenga karamu yako juu ya hivi.

Usisahau maji. Juisi ya kuchanganya haiwi safi kuliko maji yaliyotumiwa. Maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini mapema. Barafu nayo ni maji. Kama ilitengenezwa kwa maji ya kisima yasiyochemshwa, ni yale yale. Kila mtoto apewe kikombe chake.

Tundika kibuyu chirizi viwili, kimoja karibu na choo na kingine karibu na meza ya chakula, kila kimoja na kipande cha sabuni. Watoto huona ni mchezo kukanyaga kijiti na maji yakatoka, kwa hivyo hutalazimika kuwafukuza wakanawe.

MVUA YA ALASIRI NA RADI

Mtu wa Mumias hahitaji kuambiwa kuhusu mvua yetu. Ardhi hupata joto kuanzia asubuhi, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria huvuma kuelekea huku, nayo hupanda na kuwa mawingu mazito. Ndiyo sababu mara nyingi asubuhi huwa na jua zuri na alasiri huwa na ngurumo. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo yenye afueni, lakini hata wakati huo hakuna hakikisho.

Radi si jambo la kuchezea. Mwezi Juni mwaka wa 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi zaidi ya 15 kwa pigo moja. Nchi za kandokando ya ziwa zina radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya ulimwengu, na watoto waliokusanyika mahali pamoja wanaweza kudhuriwa pamoja.

Kanuni ni hizi. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, uko tayari katika eneo la hatari. Usingoje tone la kwanza. Waingize watoto ndani ya nyumba kubwa iliyojengwa imara, wakae mbali na milango, madirisha, mabomba na vitu vilivyounganishwa na umeme. Gari lenye paa la chuma na madirisha yaliyofungwa pia ni kimbilio zuri. Hema si kimbilio. Milingoti yake ya chuma haikingi mtu. Mwembe si kimbilio, na mahali pabaya kuliko pote ni chini ya mti mrefu ulio peke yake. Msitoke nje tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mtu akipigwa na radi, mguseni bila woga. Mwili wake haubaki na umeme, na wala hana laana ya kumwambukiza mwenzake. Mara nyingi anachohitaji ni kusaidiwa kupumua na kukandamizwa kifua mara moja, huku gari likitafutwa. Watu wengi waliopigwa na radi hupona wakihudumiwa papo hapo.

KASRI LA KUPULIZWA

Siku hizi wazazi wengi hukodi lile kasri la plastiki linalojazwa hewa kwa mashine ili watoto waruke ndani yake. Huleta furaha kubwa, lakini ni tanga kubwa vilevile, na tanga hubebwa na upepo. Tarehe 16 Desemba 2021, mjini Devonport katika jimbo la Tasmania, Australia, upepo uliliinua kasri la namna hii katika sherehe ya shule ya msingi. Watoto sita walipoteza maisha.

Kabla ya mvua yetu ya alasiri hutangulia upepo wa ghafla. Hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea asubuhi. Mwambie mwenye kasri alifunge kwa vigingi vyote, si viwili vya mbele tu. Upepo ukianza kupeperusha nguo kwenye kamba kwa nguvu, watoto watoke na mashine izimwe. Watoto wa miaka mitatu wasiruke pamoja na wa miaka kumi. Mifupa mingi inayovunjika humo huvunjwa na uzito wa mtoto mwenzake. Viatu, miwani na peremende vibaki nje.

VITU VINAVYOKABA KOO

Hapa saa haisaidii. Inayosaidia ni akili ya mzazi anaponunua vitu. Mtoto wa chini ya miaka mitano hana meno ya kutosha ya nyuma ya kusagia, na koo lake ni jembamba. Njugu karanga, bisi, peremende ngumu, zabibu nzima na vipande vya soseji vilivyokatwa kwa mviringo vinaweza kuziba njia ya hewa. Sisi wa Mumias tuongeze muwa. Tangu kiwanda cha sukari kianze kusaga mwaka wa 1973, watoto wa huku wamekua wakitafuna muwa, na wakubwa hawaoni ajabu kumpa mtoto wa miaka miwili kipande. Pingili ya muwa na kumbi zake si za mtoto huyo. Mpe ndizi. Na awe na umri wowote, mtoto asile huku akikimbia au akiruka.

Adui mwingine ni baluni. Wengi huiona kuwa pambo lisilo na dhara. Baluni ambayo haijapulizwa, au kipande cha iliyopasuka, hujibandika kooni kama ngozi na ni vigumu kuiondoa. Huko Marekani wakaguzi wa bidhaa wameonya kwamba watoto wa chini ya miaka minane wanaweza kukabwa nazo. Zipulizwe na watu wazima, zifungwe juu ambako mikono midogo haifiki, na kila inayopasuka vipande vyake viokotwe hapo hapo.

Mtoto akikabwa, angalia kwanza: je, anakohoa kwa sauti? Kama ndiyo, mwache akohoe na umtie moyo. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Kama hawezi kukohoa, kulia wala kuzungumza, fanya hivi:

1. Mwinamishe mbele na umpige mgongoni, katikati ya mabega, kwa kiganja, mara 5.

2. Isipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, kunja ngumi, iweke juu ya kitovu chini ya mbavu, ishike kwa mkono wa pili, na uvute kwa ndani na juu mara 5.

3. Endelea kubadilisha, mgongo mara 5, tumbo mara 5, mpaka kitu kitoke.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimbane tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kidogo, umpige mgongoni mara 5. Kisha mgeuze chali na umsukume kifuani kwa vidole viwili mara 5. Usichokoe koo kwa kidole bila kuona kitu. Utakisukuma ndani zaidi. Mtoto akizimia, mlaze chini, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, mara 30 kwa pumzi 2, na apelekwe hospitali akiendelea kuhudumiwa.

MOTO, MAFUTA TAA NA VIKOMBE VYA WAKUBWA

Karamu ya nje hupikwa nje, juu ya mafiga au jiko la makaa. Weka mahali pa kupikia nyuma ya nyumba na uzungushe kamba au viti, ili watoto wajue mwisho wao ni hapo. Sufuria ya mchuzi isiachwe chini ikipoa. Mtoto hurudi nyuma akitazama mpira, akaketi ndani yake.

Mtoto akiungua, mwagia pale palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi, lakini ndiyo dawa yenyewe. Vua nguo na bangili kabla uvimbe haujaanza, lakini nguo iliyoshikamana na ngozi iache. Usipake dawa ya meno, siagi, unga, yai wala kinyesi cha ng'ombe. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au liko usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri.

Mafuta taa yasihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda. Siku ya sherehe chupa za soda zimejaa kila mahali, na mtoto mwenye kiu hasomi rangi. Aliyekunywa mafuta taa asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe maziwa ili atapike. Mafuta yakirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mkimbize hospitali.

Kuna na hili la pombe. Wageni wazima wakihudumiwa bia au busaa, kuna vikombe vinavyobaki nusu. Mtoto mdogo anayemaliza mabaki ya vikombe vitatu anaweza kushukiwa na sukari mwilini mpaka akapata kifafa. Karamu ya asubuhi haihitaji pombe. Hiyo ni faida nyingine ambayo akina mama wataiona haraka kuliko akina baba.

Na soda yenyewe? Chupa ya mililita 300 ina sukari ya karibu gramu 30, yaani vijiko 7 hivi vya chai. Siku moja haimuui mtoto, lakini chupa moja inatosha. Baada ya hapo apewe maji.

WATOTO WANAOHITAJI JICHO LA ZIADA

Unapoalika mtoto wa mwenzako, mwulize mzazi wake swali moja: “Kuna chakula au jambo lolote linalomdhuru?” Swali hili halimvunjii mtu heshima, na jibu lake linaweza kuokoa maisha.

Huku kwetu magharibi ya Kenya swali hilo ni muhimu hasa kwa sababu ya ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mtoto mwenye sikoseli anaweza kucheza na kufurahi kama wenzake, lakini anywe maji mara kwa mara, apumzike kabla hajachoka kabisa, na asipatwe na baridi ya ghafla. Mwili ukikauka maji au ukipigwa na baridi, chembe zake za damu hujikunja na kuziba mishipa, naye hushikwa na maumivu makali ya mifupa na kifua.

Hapa nataka kugusa desturi moja iliyozagaa katika shule na vyuo vyetu na sasa imeingia nyumbani: kummwagia mwenye siku ndoo ya maji baridi. Vijana hucheka. Lakini kwa mtoto mwenye sikoseli au pumu mzaha huo unaweza kumpeleka wodini usiku huo huo. Isitoshe, maji yenyewe mara nyingi ni ya kuoshea vyombo. Ikiwa ni lazima mtu alowe, basi wamwagiwe maua.

Mtoto mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, na mwenyeji ajue iko wapi. Mwenye mzio wa njugu au mayai atengewe sahani yake mapema. Midomo ikivimba, ngozi ikitoka vipele na pumzi ikianza kukoroma, ni hospitali mara moja bila kungoja. Mtoto mwenye ualbino apewe kofia pana na shati la mikono mirefu, na michezo yake iwe kivulini. Hata wengine wote, kuanzia saa tano na nusu waingizwe kivulini, kwa kuwa jua letu la karibu na Ikweta wakati huo liko utosini.

MTU WA ZAMU

Kosa kubwa katika sherehe zetu ni kudhani kwamba palipo na watu wazima 20, watoto wanaangaliwa. Ukweli ni kinyume. Kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Mchungaji wa wote si mchungaji wa yeyote.

Chagua watu wanne unaowaamini na uwape zamu ya dakika 45 kila mmoja. Aliye zamuni asiwe na simu mkononi, asipakue chakula, asipige picha na asiketi na wageni. Mfunge kitambaa chekundu mkononi ili watoto na wageni wamjue. Kazi yake ni kuhesabu vichwa kila dakika 10 na kujua aliko kila mtoto.

Kabla ya wageni kufika, mtu huyo atembee boma lote. Kisima kifunikwe na kufungwa. Mapipa ya maji yafunikwe, ndoo zimwagwe. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha kiganja, na anayezama hapigi kelele. Shimo la choo cha zamani lizibwe. Lango lifungwe, hasa kama boma liko kando ya barabara ya matrekta ya miwa na bodaboda. Panga na jembe viingizwe ndani.

“LAKINI WAGENI HAWATAFIKA ASUBUHI”

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi. Watafika, kama utawaandalia watoto na si wakubwa. Chagua Jumamosi, ili usigongane na ibada ya Ijumaa ya majirani Waislamu wala ya Jumapili ya Wakristo; majirani Wasabato waombe radhi mapema, au tumia siku ya likizo. Andika katika kadi saa ya kuanza na pia saa ya kumaliza. Andika wazi: “Chakula kitapakuliwa saa tano na robo.” Mtu akichelewa, atakuta keki imekatwa, atahifadhiwa kipande chake, na hatakuwa amedhulumiwa. Mjomba wa Nairobi aje Ijumaa jioni alale, au aje Jumamosi mchana akutane na wazee wenzake baada ya watoto kuondoka. Wakubwa wakitaka kuendelea mpaka usiku ni shauri lao, lakini sherehe ya mtoto imekwisha.

Ratiba inaweza kuwa hivi:

Saa mbili asubuhi: mtu wa zamu anakagua boma.

Saa nne: watoto wanafika, michezo ya kukimbia.

Saa nne na nusu: kuku na wali vinaepuliwa vikiwa moto.

Saa tano na robo: kunawa mikono na kula.

Saa sita: keki, nyimbo na picha.

Saa sita na robo: hadithi na michezo ya kuketi kivulini.

Saa saba: kila mtoto anakabidhiwa kwa mtu mzima aliyemleta au aliyetajwa na mzazi.

Ukifuata ratiba hii, chakula hakitamaliza hata saa moja mezani, mvua ya alasiri itawakuta watoto kwao, na giza lenye mbu halitawakuta nje. Sehemu zetu hizi za karibu na ziwa zina malaria mwaka mzima, na ingawa Kakamega ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kupata chanjo ya malaria kuanzia mwaka wa 2019, chanjo haiondoi haja ya chandarua wala ya kukwepa kuumwa.

BAADA YA SHEREHE

Mtoto akianza kutapika au kuhara usiku, jambo la kwanza ni maji mwilini. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko. Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100, na mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena polepole. Kama huna pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, ukoroge. Anayenyonya aendelee kunyonya. Anayehara apewe pia vidonge vya zinki kama atakavyoelekezwa na mhudumu wa afya. Usimpe dawa ya kuzuia kuhara ya watu wazima.

Mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi kama macho yamedidimia, hakojoi, analegea, choo kina damu, anatapika kila anachopewa au ana homa kali. Katika sehemu zetu homa ni ya kupimwa malaria hata kama unaamini kosa ni la kuku. Na ukimpeleka, wapigie simu wazazi wa watoto wengine usiku huo. Wengi huona haya kusema, “Mwanangu ameugua baada ya chakula changu.” Haya hiyo inaweza kumgharimu mtoto wa jirani maisha, kwa sababu mamake anadhani ni meno tu yanaota.

JIPIME

Kabla ya kuchapisha kadi za mwaliko, jibu maswali haya manne. Chakula kitangoja kwa muda gani kabla ya kuliwa? Ngurumo ikisikika, watoto wote wataingia wapi? Nani yuko zamuni, na nani atampokea? Gari la kwenda hospitali ni la nani, na nambari ya dereva iko wapi?

Watu husema ajali haina kinga. Si kweli. Ajali nyingi za uani zina kinga, na haihitaji dawa wala pesa. Mzazi aliye na majibu ya maswali hayo manne anaweza kuagiza keki.